Barua ya wazi kwa wauza spea na mafundi wa breki: msiziuze kwa kilo

Kwa wazee wenye maduka ya spea Gerezani na Kariakoo, kwa vijana wa kaunta, kwa mafundi wa Ilala na wa Unga Limited kule Arusha, na kwa wenzenu wa Kirinyaga Road, Nairobi.



Nawaandikia kwa sababu ya mkokoteni mmoja. Nilipishana nao asubuhi, mwezi wa pili mwaka huu, kwenye uchochoro mmoja wa Gerezani. Ulikuwa umesheheni maboksi ya karatasi yaliyopauka, mengine yamelowa mvua ya usiku, na kijana aliyekuwa akiusukuma aliniambia anapeleka mzigo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Boksi moja lilikuwa limepasuka pembeni. Ndani yake niliona silinda ya breki ya gurudumu, mpya kabisa, bado imevikwa ile karatasi yenye nta na kupakwa ile grisi nzito ya kiwandani. Nilikuwa nimeitafuta silinda hiyo miezi saba. Nilikuwa nimeiulizia katika maduka yasiyopungua ishirini, na duka ilimotoka lilikuwa mojawapo.

Nilimsimamisha kijana, tukapatana, nikafungua boksi moja baada ya jingine palepale barabarani. Nilipata mbili, zote za upande wa kushoto. Za kulia, alinieleza kwa upole, pengine zilikwenda na mikokoteni miwili ya mwanzo, kwa maana ule niliousimamisha ulikuwa wa tatu. Nilipanda bodaboda kuufuata mzigo. Nilikuta lundo refu kuliko mimi: pulei, makapi ya injini, mabati na vyuma vya vitanda, vyote vimeshamwagwa pamoja, na winchi inaendelea kupakia lori. Vyuma vile huyeyushwa vikawa nondo.

Kijana yule simlaumu. Mwenye duka namwelewa pia. Mzee aliyelianzisha amefariki, wanawe wanataka kuuza vifaa vya sola, na kodi ya fremu haimsubiri mtu. Ukiwa na rafu nzima ya vitu ambavyo hakuna aliyeviulizia miaka kumi, utaona vinakula nafasi. Lakini mimi niliuliza. Niliuliza mara mbili katika duka lile lile, na mara zote mbili nilijibiwa hakuna. Kijana wa kaunta hakunidanganya. Nilimtajia jina la gari, naye akatazama maboksi ambayo juu yake kulikuwa na namba tupu, na mtu pekee aliyejua namba zile ni za nini alikuwa amezikwa miaka miwili nyuma.

Hilo ndilo lililonikalia rohoni hadi nikashika kalamu. Spea zipo. Kinachopotea kabla yake ni ujuzi wa kuzitambua, na ujuzi ukishapotea, chuma kizima kinageuka uzito wa kilo.

Gari ninalolisemea ni Peugeot 404, ile ambayo wengi wetu tumekua tukiiita Pijo, stesheni wagoni ya kijivu ambayo baba yangu aliinunua Tanga kwa mtu aliyekuwa akihama. Kiwanda kilianza kuuza 404 mwaka 1960, umbo la saluni yake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Wazee mnakumbuka ilivyoingia nchini mwetu. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mbio za Safari kwa 404, mwaka ambao magari 7 tu yalifika mwisho. Mwaka 1966 na tena 1967 ushindi ulikuja hapa hapa Dar es Salaam, kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na safari hiyo pia magari yaliyomaliza yalikuwa 7. Baada ya hapo nani angeacha kuitaka? Walimu waliitaka, madaktari waliitaka, misheni ziliitaka, wenye teksi za masafa waliitaka. Na spea zikaja kwa makontena, kwa sababu mwenye gari la kupita tope na makorongo alihitaji breki mara kwa mara. Maboksi yale ya mkokotenini hayakufika Gerezani kwa kubahatisha. Yalikuja kwa sababu barabara zetu zilikuwa zimeyaita.

Sasa niwaeleze kwa nini silinda moja inaweza kumnyima mtu usingizi.

Desemba ya mwaka juzi tulikuwa tunateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Mnaijua barabara ile: zaidi ya kilomita 30, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, unashuka karibu mita elfu moja. Nilikuwa na mke wangu mbele na mama yangu nyuma. Tulipolipita soko la Soni nikakanyaga breki kwenye kona, pedali ikazama hadi chini kama mguu unaoingia kwenye matope. Nikapampu, haikurudi. Nikaingiza gia namba mbili, nikavuta hendibreki, nikalielekeza gari upande wa mlima likasugua ukingo wa udongo hadi likasimama. Mama hakusema neno. Alitoka, akakaa juu ya jiwe, akaomba maji.

Fundi aliyelifungua gurudumu alikuta raba ya silinda imejikunja mdomo na mafuta yote ya breki yamemwagika ndani ya dramu. Raba ile ilikuwa mpya. Ilikuwa na wiki tatu. Niliinunua kwa maneno ambayo sote tumeyasikia, na wengine tumeyasema: hii ya Toyota inaingia hiyo hiyo. Na kweli iliingia. Nilipoipima baadaye kwa vernia nikaona ni ya milimita 25, na silinda yangu ni ya inchi moja kamili, yaani milimita 25.4. Macho hayaioni tofauti hiyo, wala kidole hakiisikii. Kwenye tambarare ya Dar es Salaam raba ilishika. Kwenye mteremko mrefu dramu lilipata moto, likatanuka, pistoni ikalazimika kwenda mbali zaidi kuifikisha shuu kwenye chuma, na mdomo ule mwembamba ukashindwa.

Tena gari la umri huo lina njia moja tu ya mafuta. Magari ya siku hizi masta silinda yake imegawanywa sehemu mbili, moja ikivuja nyingine inabaki kukusaidia, na Marekani ilianza kulilazimisha jambo hilo kwa magari mapya ya abiria mwaka 1968. Langu halina. Raba moja ya gurudumu moja ikifa, magurudumu yote manne yamekosa breki. Kwa hiyo ninapokuja kaunta na kuuliza raba ya ukubwa wa kifuniko cha soda, ninauliza habari za mama yangu kwenye kiti cha nyuma.

Ombi langu la kwanza, ndugu zangu wauza spea, ni kwamba tuache kuuziana breki kwa jina la gari na tuanze kuuziana kwa kipimo. Jina linapotosha. Nilipokata tamaa huku niliagiza shuu kwa muuzaji mmoja wa Ulaya, nikamwandikia 404 na mwaka, basi. Vikaja vifaa vya mbele vya diski. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilianza kuziwekea 404 diski mbele, na langu bado lina madramu pande zote. Gari ni lile lile kwa jina, breki ni mbili tofauti. Na magari yetu yamepita mikono mingi: hili limebadilishwa ekseli, lile limewekewa hubu za 504, jingine lilipata ajali Morogoro mwaka 1980 na fundi akalifunga alichokuwa nacho. Kadi ya gari haitakwambia hayo. Vernia itakwambia.

Na vipimo vyenyewe si vingi kiasi cha kumshinda kijana wa kaunta. Silinda nyingi za enzi hizo, hata kwenye magari yaliyotoka nchi zinazotumia mita, zilifuata inchi: robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, saba ya nane ni 22.2, inchi moja ni 25.4, inchi moja na moja ya nane ni 28.6. Ukiwa na karatasi yenye namba hizo imebandikwa ukutani, na vernia ya bei ya kawaida kwenye droo, umeshaelewa nusu ya maboksi yaliyo nyuma yako. Raba ya 25.4 haijui kama iko ndani ya Peugeot, Land Rover au Mercedes. Inajua kipenyo, inajua umbo la mdomo wake, na inajua mafuta inayooga. Mwenye Volkswagen ya 1965 anayezunguka mji mzima akiambiwa hakuna, pengine raba yake imelala kwenye boksi lenye jina la gari jingine kabisa.

Nisisitize jambo la nyuzi za nati za paipu, kwa kuwa hili linaua na halizungumzwi. Nati ya inchi tatu ya nane yenye nyuzi 24 kwa inchi na nati ya milimita 10 yenye nyuzi za milimita 1 zinafanana kama pacha. Ile ya inchi ni nyembamba kidogo, kama nusu milimita, na inaingia kwenye tundu la milimita 10 bila ugomvi. Inakaza kidogo, fundi anaridhika, breki zinatolewa upepo, gari linaondoka. Siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu zake zote, nyuzi zitang'oka. Nimeiona nati ya namna hiyo kwenye gari la jirani yangu, imezungushiwa utepe mweupe wa mafundi bomba ili isivuje. Tafadhali, fundi, ukihisi nati inacheza kwenye tundu kabla haijakaza, itoe. Usiipeleke kwa utepe.

Kuhusu raba zenyewe, nawaomba ukweli wa umri. Silinda ya chuma iliyofungwa vizuri ndani ya grisi yake inaweza kukaa miaka 50 na ikatoka salama. Raba haiwezi. Hata ambayo haijawahi kuguswa inakauka, inakuwa ngumu, ukiikunja inaonyesha nyufa ndogo kama za kisigino. Kwa hiyo mkiyafungua maboksi ya zamani, uzeni silinda na mwambieni mnunuzi aweke raba mpya za kipimo kile kile. Atawaheshimu. Nitalipa bei ya silinda kamili kwa silinda isiyo na raba, nikiwa nimeambiwa ukweli, na nitarudi dukani kwako maisha yangu yote.

Mafuta nayo ni hivyo hivyo. Kuna gereji bado zinajazia masta silinda mafuta ya gia otomatiki au ya stelingi pale ya breki yanapokosekana, kwa kuwa yote ni mekundu au ya manjano na yote yanateleza. Mafuta ya madini yanazivimbisha raba za breki mpaka zinakwama, na yakishapita mara moja, masta silinda, silinda zote na hozi zote zinapaswa kubadilishwa raba upya. Kwa mwenye gari la kisasa ni gharama. Kwa mwenye gari ambalo spea zake zimepatikana mkokotenini, huo ni mwisho wake. Na hata mafuta sahihi, yale ya DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi, lakini yakishalewa maji, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Kopo lililoachwa wazi juu ya benchi tangu mwezi uliopita lisiingie kwenye breki ya mtu anayekwenda kushuka mteremko wa Kitonga.

Wachongaji, ninyi nina deni lenu. Bila mafundi wa mashine wa Ilala magari mengi ya zamani yangekuwa mabanda ya kuku. Silinda inapoliwa na kutu ndani, ninyi ndio mnaoifufua, na ninaijua kazi yenu nzuri: kuchimba silinda, kuipachika bushi ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, kisha kuikereza ndani hadi irudi kwenye kipimo cha kiwandani na kuing'arisha mpaka uone uso wako. Kazi hiyo hudumu kuliko silinda mpya. Ila kuna njia ya mkato, ya kuipanua tu silinda hadi kutu iishe, halafu kutafuta raba kubwa zaidi. Masta silinda ya milimita 22.2 ikipanuliwa ikafika 25.4, eneo la pistoni linaongezeka kwa karibu theluthi moja, na kwa mguu ule ule msukumo wa mafuta unaokwenda magurudumuni unapungua kwa karibu robo. Pedali itakuwa juu, ngumu, nzuri kukanyaga. Mteja atafurahi getini. Gari litasimama mbali zaidi, na hatajua kwa nini. Mkiweza, kataeni kazi hiyo hata mteja akibembeleza. Mwambieni asubiri bushi.

Na spana boi wenu, wale vijana wanaofungua dramu na kupuliza vumbi kwa kompresa huku wanacheka na wenzao: lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lile likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi, wakati kijana ameshakuwa baba wa watu. Umoja wa Ulaya uliipiga asbesto marufuku kuanzia 2005. Maboksi ya shuu ya miaka ya 1960 mnayoweza kuyakuta nyuma ya duka yana lainingi za namna hiyo. Chuma cha shuu ni hazina, kihifadhini. Lainingi ilowesheni maji, iondoeni bila kuisaga wala kuipuliza, ifungeni kwenye mfuko, mbandike mpya. Mfundisheni kijana kulowesha kabla ya kufungua. Ni ndoo moja ya maji na kitambaa.

Nimerudi kwenye maboksi, maana ndiyo sababu ya barua. Wenzetu wa Ufaransa wana taasisi, L'Aventure Peugeot, iliyoanzishwa 1982, ambayo kati ya kazi zake ni kuhakikisha spea za magari ya zamani zinapatikana. Nimewahi kununua huko, na ninashukuru kwamba ipo. Lakini usafiri na ushuru hufanya raba ya shilingi chache iwe mshahara wa mtu, na wakati huo huo ile ile ipo Gerezani, juu ya rafu ya tatu, nyuma ya feni mbovu. Nigeria ilifunga 504 Kaduna tangu 1975, Kenya nayo ilifunga 504 kwa miaka mingi, kwa hiyo ujuzi na mzigo vimetapakaa barani kwetu, havikutoka Ulaya vikaishia Ulaya. Wazee wa Kirinyaga Road wana katalogi nyumbani ambazo hata kiwandani hazipo tena mezani. Nilionyeshwa moja, imeshonwa upya kwa uzi wa kiatu, na pembeni mwenyewe ameandika kwa penseli namba gani inachukua nafasi ya namba gani, miaka thelathini ya penseli. Nikamwomba ruhusa nipige picha kurasa za breki. Akanipa kiti na chai, akaniambia piga zote.

Ninachoomba ni kidogo. Mzee mwenye duka, kabla hujastaafu, kaa siku mbili na mwanao au na kijana wa kaunta, mfungue kila boksi la breki, apime, aandike juu yake kwa kalamu ya wino mzito: kipenyo, kushoto au kulia, nyuzi za nati, na gari unalolikumbuka. Ninyi warithi, mkiamua kulifunga duka, nami sina haki ya kuwazuia, wekeni tangazo mlangoni wiki moja kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma. Tutakuja. Kuna mwenye Land Rover Mbagala, kuna mwenye Volkswagen Upanga, kuna mzee wa Bagamoyo mwenye 403 ambayo haijatembea tangu masta silinda ilipokufa. Kwa kilo mtapata hela ya siku moja. Silinda moja tu, kwa mtu anayeihitaji, tutailipia zaidi ya mkokoteni mzima.

Mimi nimeanza sehemu yangu. Nina daftari la kurasa 41, kila kipande cha breki nilichowahi kukishika kimepimwa na kuchorwa, na pale nilipopata raba au paipu ya gari jingine iliyolingana kweli, nimeandika ililingana na nini na imetembea kilomita ngapi. Atakayelitaka nitampa alitoe kopi, simuuzii. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa napita Gerezani asubuhi, duka kwa duka, na vernia mfukoni. Atakayeniruhusu kuingia nyuma nitamsaidia kupima maboksi yake bure, mpaka adhuhuri.

Nitakuwa nimebeba silinda moja ya kushoto ndani ya kitambaa. Tundu lake ni milimita 25.4, boksi lake lilikuwa la bluu iliyopauka na kona nyekundu, na mwenzake wa kulia anafanana naye kabisa, ila tundu la paipu liko upande wa pili. Ukiliona boksi la namna hiyo, usilipeleke popote kabla sijafika.

Wenu,
mwenye 404 ya kijivu,
Ilala, Dar es Salaam